Kifarsi kwa Mlango wa Kiswahili





Tunawashukuru wahariri wa jarida letu kwa kutupa nafasi ya kuandika machache kuhusu darasa la Kifarsi lililofanyika mwaka huu katika madrasa yetu. Wazazi wengi wametuuliza darasa hilo lilikuwa la nini, na wanafunzi wadogo wametuuliza kama na wao wanaweza kujiunga. Tumeona ni vyema tujibu hapa ili jibu lifike kila nyumba.

Darasa lenyewe halikuwa katika ratiba. Lilianza kwa sababu wanafunzi wetu wakubwa wawili walikuwa wameomba nafasi za masomo nchini Iran, na huko mwanafunzi mgeni kwa kawaida husomeshwa lugha kwanza kabla ya kuingia katika masomo yake. Sisi tulikuwa tumesoma Kifarsi kwa mihula miwili tulipokuwa katika stashahada. Tukakubaliana kukutana kila Jumamosi na Jumatatu baina ya Magharibi na Isha. Habari zikaenea, na wawili wakawa 11.

Ndugu msomaji, lugha hii wazee wetu waliiita Kiajemi. Leo huzungumzwa Iran kwa jina la Kifarsi, Afghanistan kwa jina la Kidari, na Tajikistan kwa jina la Kitajiki, ambacho huandikwa kwa herufi za Kirusi. Si lugha ngeni kabisa kwetu sisi watu wa pwani. Tunaposema bandari, nahodha, pamba, rangi, dirisha na serikali, tunatumia maneno yenye asili ya Kifarsi, mengine yakiwa yamepitia kwa Waarabu au kwa Wahindi kabla ya kutufikia. Hata Nairuzi, mwaka mpya wa wazee wetu unaoadhimishwa mpaka leo kule Makunduchi kwa jina la Mwaka Kogwa, ni neno la Kifarsi lenye maana ya siku mpya.

Lakini hatukuandika makala haya ili tujisifu kwa maneno ya kuazima. Kuna jambo moja tunalotaka kila mwanafunzi alishike, nalo ni kwamba mtoto wa Kiswahili anapojifunza lugha nyingine haendi mikono mitupu. Ana sarufi nzima kichwani mwake, ila hajui kwamba anayo.

HERUFI ZILE ZILE, LUGHA NYINGINE

Mzee mmoja wa kamati yetu alituuliza, "Ustadh, watoto herufi wanazijua tangu juzuu ya Amma. Sasa Kifarsi si watasoma wenyewe tu?"

Swali lake lilikuwa zuri, kwa sababu hivyo ndivyo wengi wanavyodhani. Kifarsi huandikwa kwa herufi 28 za Kiarabu pamoja na herufi nne zilizoongezwa, jumla 32. Hizo nne ni "pe", "che", "zhe" na "gaaf". Hapa Mswahili anaanza vizuri. Sauti ya "p" tunayo katika paka, "ch" katika chungwa, na "g" katika goti. Ni "zhe" peke yake inayotaka mazoezi. Wazee wetu waliokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walikutana na shida hiyo hiyo, kwamba Kiarabu hakina herufi ya "p" wala ya "ch".

Shida ilikuja kwa wanafunzi wenye tajwidi nzuri. Katika Kifarsi herufi tha, sin na swad zote husomwa "s". Dhal, zay, dhad na dhaa zote husomwa "z". Mwanafunzi wetu mmoja wa kike, hodari sana wa makharij, alikuwa akiitoa kila herufi mahali pake kama anasoma Qur'ani. Tulimwambia, "Tajwidi yako ni amana, usiipoteze. Ila Mfarsi ameliazima neno, na neno la kuazima husemwa kwa ulimi wa aliyeazima." Na sisi Waswahili tunafanya vivyo hivyo tunaposema "sabuni" au "hali" bila kuitafuta ile swad wala ile ha ya kooni.

Zaidi ya hayo, nyuma ya herufi hizo mna lugha ya ukoo mwingine kabisa. Kifarsi si cha ukoo wa Kiarabu. Kiko katika ukoo mpana wenye Kihindi, Kiurdu na hata Kiingereza. Mwanafunzi anayesoma Kiingereza skuli akiambiwa kwamba baba ni "pedar", mama ni "maadar" na ndugu ni "baraadar", mara moja atasikia ujamaa huo. Kwa hiyo anayekwenda katika Kifarsi akitafuta mizizi ya herufi tatu na mizani za fa'ala na yaf'ulu, hatazikuta ila katika maneno yaliyotoka Kiarabu.

(Katika mifano yetu tumeandika "aa" mahali penye mada ya alifu, ili msomaji asichanganye "bar" yenye maana ya juu ya, na "baar" yenye maana ya mzigo.)

KITENZI NA MASHINA YAKE MAWILI

Katika sarfu ya Kiarabu tumezoea sura 14 za kitenzi, kwa sababu Kiarabu hutenganisha mwanamume na mwanamke, na mmoja na wawili na wengi. Kifarsi kina nafsi sita tu. Kiswahili nacho kina sita: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Wala Kifarsi hakina mume na mke. "U" ni yeye, awe baba au mama, kama vile "yeye" yetu. Hayo peke yake yaliwafanya wanafunzi wavute pumzi ya raha.

Kila kitenzi cha Kifarsi kina jina lake linaloishia kwa "-dan" au "-tan". Kuona ni "didan", kusoma ni "khaandan", kwenda ni "raftan", kufanya ni "kardan". Ukiondoa "-an" ya mwisho unapata shina la wakati uliopita: did, khaand, raft, kard. Hapo hakuna taabu.

Taabu iko katika shina la pili, la wakati uliopo, ambalo mara nyingi halifanani na la kwanza. Shina la uliopo la didan ni "bin". La raftan ni "rav". La kardan ni "kon". La khaandan ni "khaan", na hili ni jepesi. Hakuna kanuni moja itakayokupa yote, bali huhifadhiwa mawili mawili. Hapa elimu ya madrasa ilitufaa sana, kwa sababu mwanafunzi wa madrasa anajua kuhifadhi kwa sauti. Kila jioni tulianza kwa kuimba jozi hizo kama wanavyoimba hukumu za nun sakina: didan, bin, raftan, rav, kardan, kon, goftan, gu, aamadan, aa, neveshtan, nevis, daadan, deh, daashtan, daar.

Ukishayashika mashina mawili, kilichobaki ni viambishi. Tazama wakati uliopita wa kuona:

didam, niliona, didi, uliona, did, aliona, didim, tuliona, didid, mliona, didand, waliona.

Na wakati uliopo, unaotanguliwa na "mi-":

mibinam, ninaona, mibini, unaona, mibinad, anaona, mibinim, tunaona, mibinid, mnaona, mibinand, wanaona.

Angalia vizuri, ndugu mwanafunzi. "Ninaona" ni ni-na-ona: nafsi, wakati, shina. "Mibinam" ni mi-bin-am: wakati, shina, nafsi. Vipande ni vile vile vitatu. Mswahili humtanguliza mtu mbele na Mfarsi humweka nyuma, basi. Wote wawili wanasema kwa neno moja jambo ambalo lugha nyingine hulisema kwa maneno mawili au matatu.

Na nyakati nyingine pia zina wenzao katika Kiswahili. "Nimeona" ni "dide-am". "Nilikuwa nimeona" ni "dide budam". "Nilikuwa nikiona" ni "mididam". "Nione", kama tunaposema nataka nione, ni "bebinam". Kukanusha ni kutia "na-" au "ne-" mbele: "nadidam", sikuona, "nemibinam", sioni.

Wakati ujao ndio uliotustaajabisha zaidi. Nitaona ni "khaaham did". Neno "khaaham" linatoka katika "khaastan", yaani kutaka. Wanaisimu wengi wanaeleza kwamba "-ta-" yetu ya "nitaona" nayo inatokana na "taka". Kwa hivyo lugha mbili zisizo za ukoo mmoja zilipotafuta namna ya kusema jambo la kesho, zote zilianzia katika kutaka. Muislamu huongeza inshallah, kwa kuwa kutaka kwetu hakutoshi.

Mashina haya ya wakati uliopo yanafaa kwa jambo jingine. Mfarsi huyaunganisha na jina akapata neno jipya, na baadhi ya maneno hayo yamo vinywani mwetu. Darubini ni "dur", mbali, na "bin", lile shina la kuona: chenye kuona mbali. Sehemu ya mwisho ya jemadari ni "daar", shina la kuwa na kitu, yaani mwenye. Bakshishi inatoka katika "bakhshidan", kutoa au kusamehe. Mtume kwa Kifarsi ni "payaambar": "payaam" ni ujumbe, na "bar" ni shina la "bordan", kuchukua. Ni mchukua ujumbe. Na mwanafunzi wa chuo kikuu huitwa "daaneshju": "daanesh" ni elimu, na "ju" ni shina la "jostan", kutafuta. Kumbe ni yule yule talibul ilmi wetu, mtafuta elimu.

VIHUSISHI, NA "KWA" YETU YENYE KAZI NYINGI

Baada ya vitenzi tuliingia katika vihusishi, ambavyo wanafunzi wa nahau wanavijua kwa jina la huruful jarri. Vya Kifarsi ni vichache na vifupi: "az", kutoka, "be", kwenda kwa, "dar", katika, "baa", pamoja na, "taa", mpaka, "bi", bila, "bar", juu ya, na "baraaye", kwa ajili ya. Neno linalofuata halibadiliki mwisho wake. Hakuna kuuliza kama ni kasra au fat'ha. "Az khaane be madrese miravam" ni ninatoka nyumbani kwenda madrasa, na kama unavyoona, kitenzi kinakaa mwisho wa sentensi.

Ugumu ulikuwa kwetu wenyewe. Neno letu "kwa" linabeba mizigo mingi. Tunasema nimeandika kwa kalamu, nimesema kwa Kifarsi, niko kwa mwalimu, nimefanya kwa ajili ya mama. Mwanafunzi akitafuta "kwa" moja ya Kifarsi hataipata. Kwa kalamu ni "baa qalam", kwa kuwa ni chombo. Kwa Kifarsi ni "be faarsi". Kuwa kwa mwalimu ni "pish-e mo'allem". Kwa ajili ya mama yangu ni "baraaye maadaram". Tuliwapa kanuni moja: kabla hujatafsiri "kwa", jiulize kwanza ni "kwa" gani. Aliyeizoea kanuni hiyo hakujifunza Kifarsi tu, bali alianza kukitazama Kiswahili chake ambacho amekuwa akikisema miaka yote bila kukitazama.

Kuna pia vitenzi vinavyotaka kihusishi chake maalumu, na hivi havina budi kuhifadhiwa pamoja na kihusishi hicho. Sisi tunasema nilimwuliza mwalimu. Mfarsi husema "az mo'allem porsidam", kama kusema niliuliza kutoka kwa mwalimu. Ninaogopa mbwa ni "az sag mitarsam", hofu imetoka kwa mbwa. Nilimwambia mama ni "be maadaram goftam". Nilimsaidia ni "be u komak kardam". Mswahili mara nyingi huificha maana hiyo ndani ya kitenzi chenyewe. Andika ikawa andikia, leta ikawa letea. Mfarsi huiacha nje, peupe, katika neno dogo.

Vihusishi vingine vimejengwa kwa majina. Juu ya meza ni "ru-ye miz". Chini ya meza ni "zir-e miz". Nyuma ya mlango ni "posht-e dar". Kando ya bahari ni "kenaar-e daryaa". Ile "-e" au "-ye" ya katikati huitwa "ezaafe", nalo ni neno lile lile la Kiarabu idhafa. Lakini tahadhari! Katika Kiarabu kasra hukaa mwisho wa neno la pili, la mudhaf ilayhi. Katika Kifarsi kasra hukaa mwisho wa neno la kwanza: "ketaab-e mo'allem", kitabu cha mwalimu. Mwenye kuijua nahau vizuri huchanganyikiwa hapa. Mwenye kukumbuka "kitabu CHA mwalimu", "juu YA meza", haraka anaelewa kwamba "-e" ni kiungo kama "-a" yetu. Tena kiungo hicho hutumika hata kwa sifa: "ketaab-e bozorg", kitabu kikubwa, na sifa imefuata jina kama ilivyo kwetu.

KIJANA WA MLANGONI

Mmoja wa wale wanafunzi wawili waombaji alikuwa ni binti wa miaka 19 aliyeomba kusomea uuguzi. Kwa kuwa darasa lilimalizika usiku, mama yake alimtuma mdogo wake wa kiume, miaka 14, awe anamsindikiza. Kijana huyo alikaa nyuma, karibu na mlango, bila daftari. Alikuwa amerudia darasa la sarfu mara mbili. Wenzake walishamzoea kama mtu asiyejua, na yeye mwenyewe alishajizoea hivyo.

Jioni moja tulikuwa tunafundisha neno dogo "raa". Neno hili hufuata kitu kinachotendwa, yaani maf'ulu bihi, pale kinapokuwa kinajulikana. "Ketaab khaandam" na "ketaab raa khaandam" zote zina maana ya kusoma kitabu, lakini hazilingani. Wanafunzi wa mbele walijaribu kueleza kwa "al" ya Kiarabu, wakakaribia, wakakwama. Tukaandika ubaoni sentensi mbili za Kiswahili: "Nilisoma kitabu" na "Nilikisoma kitabu". Tukauliza tofauti yake ni nini. Kimya.

Sauti ikatoka mlangoni, "Ya pili, ustadh, ni kile kitabu ambacho mimi na wewe tunakijua."

Dada yake aligeuka kumtazama. Tulimwambia arudie kwa sauti, akarudia. Tukawaambia wote kwamba ile "ki" ya "nilikisoma" na ile "raa" ya Kifarsi zinafanya kazi zinazokaribiana sana, na kwamba jambo hilo linawasumbua wageni wengi wanaojifunza Kifarsi. Ndugu yao amelieleza kwa sentensi moja.

Wiki iliyofuata alikuja na daftari. Alikuwa ameligawa ukurasa kwa mistari mitatu: Kiswahili, Kifarsi, Kiarabu. Katika kila mstari aliandika nafsi zake. Katika ule wa tatu, nyuma ya kila sura ya Kiarabu, alikuwa ameandika kwa Kiswahili ni nani anayetenda. Akatuuliza, "Ustadh, kwani hii 'ta' ya darasta na hii 'u' ya ulisoma si kazi moja?" Ni kazi moja. Alikuwa ameambiwa hivyo mara nyingi katika darasa la sarfu, lakini aliambiwa kwa istilahi, naye hakuwa na mahali pa kuzitundika istilahi hizo.

Baadaye mama yake alitujia. Ni mama anayejitafutia riziki kwa kuuza vitumbua asubuhi. Alisema, "Ustadh, mimi nilishazungumza na fundi wa gereji amchukue. Niliona huyu kichwa chake kizito, nisimtese bure."

Tulimjibu, "Mama, ufundi ni kazi ya halali na yenye heshima, na akitaka kwenda aende. Lakini asiende kwa kuambiwa kichwa chake kizito, kwa sababu si kweli."

Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema atamsubiri fundi mpaka mwisho wa mwaka.

Kijana huyo hajawa wa kwanza katika darasa la sarfu. Alikuwa wa 14 katika mtihani uliopita, kati ya wanafunzi 22. Lakini jina lake bado limo katika daftari la mahudhurio, na dada yake alipopata nafasi yake na kusafiri, alimwachia kamusi ya Kifarsi aliyokuwa akiitumia.

WAGENI WA KIARABU KATIKA NYUMBA MBILI

Tuongeze jambo dogo ambalo wanafunzi walilipenda. Kiswahili na Kifarsi vyote vimepokea maneno mengi ya Kiarabu, na kila lugha imewapokea wageni hao kwa desturi yake. Kiswahili humvisha mgeni nguo za nyumbani, akawa kama mwenyeji: safiri, fikiri, subiri. Kutoka hapo anasafirishwa, anafikiriwa, anasubiriana na wenzake. Kifarsi humwacha mgeni na nguo zake, lakini humpa mwenyeji wa kumfanyia kazi, naye ni kitenzi "kardan", kufanya. Kusafiri ni "safar kardan", kufanya safari. Kufikiri ni "fekr kardan". Kusubiri ni "sabr kardan". Anayebadilika ni kardan peke yake: "safar kardam", nilisafiri, "safar mikonam", ninasafiri.

Hii ni neema kwa mwanafunzi wa madrasa. Akilijua vizuri lile jozi moja la kardan na kon, na akiwa na maneno yake ya Kiarabu kutoka katika masomo ya dini, mamia ya vitenzi vya Kifarsi yamekwisha kumfungukia. Ila katika ibada Wafarsi wamebaki na maneno yao ya zamani. Sala ni "namaaz", na kusali ni "namaaz khaandan", kama kusema kuisoma sala. Saumu ni "ruze", na kufunga ni "ruze gereftan", kuishika saumu.

JIBU LETU KWA MZEE

Yule mzee wa kamati alikuwa na swali la pili, nalo ndilo zito: "Watoto hawajamaliza Kiarabu, lugha ya Qur'ani. Kwa nini mnawaongezea nyingine?"

Tunamjibu kwa heshima. Kiarabu kitabaki mbele, na darasa la Kifarsi halikuchukua hata dakika moja ya vipindi vyake. Lakini tumkumbuke Sibawayhi, imamu wa nahau, ambaye kitabu chake ni msingi wa vitabu vyote vya nahau tunavyosoma. Hakuwa Mwarabu kwa nasaba. Alikuwa Mfarsi, aliyezaliwa upande wa Shiraz, akasoma Basra katika karne ya pili Hijria. Inasimuliwa kwamba alikuwa akisoma hadithi mbele ya Hammad bin Salama, akalitamka neno moja baada ya "laysa" kwa irabu isiyo yake, akakosolewa mbele za watu. Akaondoka akiapa kuitafuta elimu ambayo hatakosolewa tena ndani yake, akaenda kusoma kwa Khalil bin Ahmad. Mtu huyo aliingia katika Kiarabu kutoka nje, na pengine ndiyo sababu aliona mambo ambayo aliyezaliwa ndani huyapita bila kuyaona.

Tena Waislamu wa Kifarsi waliandika kwa lugha zote mbili. Ibn Sina aliandika vitabu vyake vingi kwa Kiarabu, na kimoja mashuhuri cha falsafa kwa Kifarsi. Sa'adi wa Shiraz alimaliza kitabu chake cha mashairi mwaka 1257 na kukiita Bustan, neno ambalo kila mtoto wa Kiswahili analielewa bila kamusi, kisha mwaka 1258 akatoa Gulistan. Hawakuona kwamba lugha ya mama inaipunguzia heshima lugha ya Qur'ani.

Enyi wanafunzi wapenzi, si lazima kila mmoja wenu asome Kifarsi. Lakini kila mmoja wenu ana Kiswahili, na tunamwomba kila anayekwama katika sarfu au nahau ajaribu jambo hili leo usiku. Achukue sentensi moja ya Kiarabu iliyomshinda. Aandike chini yake sentensi yenye maana hiyo kwa Kiswahili. Kisha akate kila neno vipande vipande, aulize kila kipande kinafanya kazi gani, na ni kipande gani cha Kiarabu kinachofanya kazi hiyo. Afanye hivyo kwa sentensi kumi, na alete daftari kwetu siku yoyote baada ya Asri.

Nanyi wazazi, msiharakishe kusema mbele ya mtoto kwamba kichwa chake kizito. Mtoto anayejua lini aseme "nilisoma" na lini aseme "nilikisoma" ana akili ya kutosha kusoma lugha yoyote. Kilichobaki ni mwalimu mwenye subira, na muda.

Darasa la Kifarsi litaendelea mwakani inshallah, siku zile zile na wakati ule ule. Anayetaka kujiunga aje na daftari lenye mistari, kalamu mbili, na ruhusa ya mzazi. Wanaokuja kuwasindikiza dada zao nao wakaribie ndani, wasikae mlangoni.

Wabillahi tawfiq.